Kabaka Mwanga: mtoto aliyejifunza ufalme kwa kutazama

Kila mwaka tarehe 3 Juni, tunapowaadhimisha Mashahidi wa Uganda, jina la Kabaka Mwanga hutajwa upesi kama jina la mtesaji, kisha husahauliwa. Tumeona vema kuyatafakari maisha yake, kwa kuwa yanagusa swali linalowasumbua wazazi wengi parokiani: kijana hujifunza wapi uovu? Tena sehemu ya maisha hayo ilipita hapa kwetu, kando ya ziwa.

Mwanga alizaliwa mwaka 1868, mwana wa Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda. Katika jumba la baba yake uhai wa mtu ulikuwa kitu chepesi. Mwaka 1862 mgeni Mwingereza, John Hanning Speke, alimzawadia Mutesa bunduki. Mfalme alimkabidhi mhudumu mdogo mojawapo, akamwamuru atoke nje akampige mtu ili kuijaribu. Mtoto yule alitoka, akaua, akarudi amejaa furaha. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno kwamba kuua ni mchezo. Alilisoma hilo katika uso wa mkubwa wake. Karibu na mwaka 1876, Mwanga akiwa na miaka kama 8, Mutesa aliamuru makumi ya vijana Waislamu wauawe Namugongo, kwa kuwa walikataa nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu, naye akaona wamemdharau.

Hata hivyo, Mwanga hakukosa mfano mwingine. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879, naye mwana wa mfalme alikuwa akiwatembelea. Mwaka 1882 mapadre hao waliondoka, wakavuka ziwa na kuweka makao Bukumbi, kusini mwa mji wetu wa Mwanza. Mwanga aliporithi ufalme mwaka 1884, akiwa na miaka kama 16, aliwaita warudi.

Lakini kiti kilikuwa cha baba, na namna ya kukikalia aliyoijua ilikuwa ya baba. Alipowahofia wageni, Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa, Oktoba 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa wahudumu, alimkemea kwa damu hiyo, na aliwakinga vijana wa jumba dhidi ya tamaa zake. Aliuawa tarehe 15 Novemba. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto. Mahali palikuwa Namugongo, palepale ambapo baba yake aliwaua wengine miaka kumi nyuma.

Je, tuseme basi kwamba mfano wa baba ulimlazimisha? Hapana. Katika jumba lilelile walikuwamo vijana waliotazama yaleyale wakachagua kumfuata mwingine. Lwanga alimtazama Mukasa, akashika nafasi yake. Kizito, mwenye miaka kama 14, alimtazama Lwanga, akabatizwa kwa mkono wake muda mfupi kabla ya hukumu. Mbaga Tuzinde alilelewa nyumbani mwa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme. Aliiona kazi hiyo tangu utoto, akasihiwa na mlezi wake aikane imani, naye akakataa mpaka kufa. Mfano mbaya humvuta mtu, lakini haumwondolei hiari. Wala anayeutoa hana udhuru: Kanisa huliita jambo hilo kwazo, nalo huwa zito zaidi linapotoka kwa mwenye mamlaka juu ya wadogo.

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Alivuka ziwa hadi Magu, kisha akakimbilia Bukumbi, kwa mapadre ambao watoto wao wa kiroho aliwachoma moto. Walimpokea. Mwaka 1889, Wakristo walionusurika walikuwa miongoni mwa waliompigania hata akarudi kitini. Huo nao ulikuwa mfano, uliotolewa kwenye pwani yetu: mdhalimu akapewa hifadhi na aliowaumiza.

Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, nao wakamweka kizuizini hapa Mwanza. Alitoroka, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Huko alibatizwa katika Kanisa Anglikana, akaitwa Danieli, na kufariki mwaka 1903. Hukumu yake tunamwachia Mungu.

Kwetu Kirumba hakuna Kabaka, lakini kila nyumba ina mtu anayetazamwa. Mtoto anayemwona baba akivua kwa kokoro usiku na kumpa afisa kitu kidogo asubuhi, tayari amefundishwa. Kijana anayeona mwenye fedha akisifiwa mtaani bila kuulizwa amezipataje, naye amefundishwa. Kisha anapokamatwa, sisi huuliza ameyatoa wapi. Na sisi mapadre tumo katika hesabu hiyo, kwani waamini hututazama zaidi ya wanavyotusikiliza.

Basi haitoshi kuwakataza vijana marafiki wabaya. Tuwape Lwanga wa kumtazama: baba anayerudisha chenji iliyozidi, mama asiyepokea kitu cha wizi, katekista anayetimiza ahadi, mkubwa anayeomba msamaha mbele ya wadogo. Jumba moja lilitoa mtesaji na mashahidi. Nyumba zetu nazo zaweza kutoa wote wawili.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee.