DK. ALI MUSTAFA MUSHARRAFA: BINGWA WA HISABATI WA MISRI (1898–1950)



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, vijana wetu hukaa na wazazi wao kushauriana wakasomee nini chuo kikuu. Wengi hutaja udaktari, sheria au biashara. Anayetaja hisabati huulizwa papo hapo kuwa atakula nini. Kwa sababu hiyo tumeona tukuleteeni maisha ya Mwislamu mmoja aliyeichagua elimu hiyo, akaisoma mpaka kileleni, kisha akairudisha kwa watu wake.

Ali Mustafa Musharrafa alizaliwa tarehe 11 Julai 1898 katika mji wa Damietta, kaskazini mwa Misri. Baba yake alikuwa mtu mwenye mali na mpenda elimu. Lakini mwaka 1907 bei ya pamba iliporomoka, na mali ya mzee huyo ikapotea. Haukupita muda mrefu naye akafariki dunia. Ali, mtoto wa kwanza, akabaki yatima akiwa na mama na wadogo zake, na familia ikahamia Cairo.

Mitihani ya kumaliza sekondari aliifanya mwaka 1914, miezi michache tu baada ya kufiwa na mama yake. Pamoja na msiba huo, alishika nafasi ya pili katika nchi nzima, naye alikuwa na miaka 16 tu. Kwa alama zile angeweza kusomea udaktari au uhandisi. Yeye alichagua Chuo cha Walimu. Alihitimu mwaka 1917, na serikali ikampeleka Uingereza, katika chuo cha Nottingham, kusomea shahada ya kwanza ya hisabati.

Hapa inafaa tueleze shahada hiyo ni kitu gani. Shuleni mwanafunzi hupewa kanuni na namba, akatafuta jibu. Chuo kikuu huulizwa ile kanuni imetoka wapi, na ni kwa nini haikosei kamwe. Chukueni mfano mdogo. Ukijumlisha namba mbili za witiri hupati witiri, unapata shufwa: 3 na 5 ni 8, 7 na 9 ni 16. Hata ukijaribu mara elfu, bado hujathibitisha, kwani huenda ya elfu na moja ikakukatalia. Lakini ukisema kuwa kila witiri ni shufwa iliyoongezwa moja, basi witiri mbili zina moja mbili za ziada, na hizo ni 2. Hapo umethibitisha kwa namba zote, mpaka zile ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Mwanafunzi wa shahada ya hisabati huishi na kazi ya namna hiyo miaka yote ya masomo yake. Huenda akakaa na swali moja siku nzima na asipate kitu, na kesho akalirudia.

Musharrafa akiwa katikati ya masomo hayo, ulimfika mtihani mwingine usiokuwa wa darasani. Mwaka 1919 Wamisri walisimama kudai uhuru wao kutoka kwa Waingereza. Watu waliuawa mabarabarani, na viongozi wakapelekwa uhamishoni. Naye yuko katika nchi ya wale wale watawala, ameinamia madaftari! Waandishi wa maisha yake wanasimulia kuwa alimwandikia rafiki yake Mahmud Fahmi al-Nuqrashi, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Misri, kwamba anataka kuacha masomo arudi nyumbani. Rafiki yake akamjibu kuwa Misri inamhitaji zaidi akiwa mtaalamu kuliko akiwa mpiganaji, na kwamba ataitumikia nchi zaidi akimaliza alichokwenda kukisoma.

Jawabu hilo halikuwa jepesi kwa kijana wa miaka 20, lakini alibaki. Mwaka 1920 alipata shahada yake, kisha akaendelea King's College, London. Huko alitumia hisabati kueleza jinsi mwanga unaotoka kwenye atomi unavyobadilika atomi hiyo ikiwekwa karibu na sumaku au umeme. Mwaka 1923 alipata shahada ya udaktari wa falsafa, na mwaka 1924 ile ya Udaktari wa Sayansi ya Chuo Kikuu cha London.

Deni lile akalilipa. Alirudi Misri, na Kitivo cha Sayansi cha chuo kikuu kilichopo Cairo kilipoanzishwa mwaka 1925 alikuwa miongoni mwa walimu wake. Mwaka 1936 akawa Mmisri wa kwanza kukiongoza kitivo hicho. Aliandika vitabu vya sayansi kwa Kiarabu ili mtu wa kawaida afahamu. Alimwunga mkono binti hodari, Samira Musa, apate kufundisha chuoni wakati ambapo wengi hawakukubali mwanamke ashike kazi hiyo.

Pia, akishirikiana na mwenzake Muhammad Mursi Ahmad, alikitengeneza na kukichapisha kitabu cha aljebra cha Al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya mirathi na wasia. Mke akifariki akaacha mume na mtoto wa kiume, mume ana robo na mtoto ana robo tatu. Hilo kila mwanafunzi wetu wa faraidhi analijua. Lakini wasia na madeni yakichanganyika na mafungu hayo, kiasi kisichojulikana hakina budi kutafutwa kwa njia ya aljebra. Basi elimu hii si ngeni kwetu. Ilikaa katika nyumba zetu, nasi tukaisahau.

Dk. Musharrafa alifariki Cairo mwezi wa Januari 1950, akiwa na miaka 51.

Ewe mwanafunzi, ukikaa peke yako usiku na swali lisilokubali, usidhani umejitenga na watu wako. Huenda hapo ndipo unapowatumikia. Nanyi wazazi, mtoto akisema anataka hisabati, msimvunje moyo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Dk. Musharrafa, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.