MAISHA YA GREGOR MENDEL, MWALIMU ALIYEHESABU NJEGERE



Kila mwaka katika somo la biolojia tunaandika sheria za Mendel katika kaye zetu. Tunachora vile vijumba vine, tunaweka A kubwa na a ndogo, kisha mutihani ukipita tunasahau. Jina lake tunalijua, lakini mutu mwenyewe hatumujui. Ndiyo maana mara hii tunaleta maisha yake.

Alizaliwa katika mwezi wa saba mwaka 1822, katika kijiji cha Heinzendorf, wakati ule chini ya mufalme wa Austria. Leo kijiji kile kinaitwa Hynčice, nacho kiko katika Jamhuri ya Ucheki. Wazazi walimupa jina Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mulimaji, na siku zingine za juma alipaswa kufanya kazi ya bure katika mashamba ya bwana wa udongo. Johann alikua katika mashamba, karibu na miti ya matunda ya baba yake. Kwa sababu alikuwa na akili, wazazi walimutuma kusoma mbali, lakini feza ilikuwa kidogo, na mara nyingi alikaa na njaa kule masomoni.

Mwaka 1838 muti ulimuangukia baba yake kazini, akaumia sana, nguvu ya kulima ikapunguka. Johann alikuwa kijana wa miaka 16 hivi. Alianza kufundisha watoto wa wengine ili apate kujilipia masomo, lakini haikutosha. Hapo dada yake mudogo Theresia alimusaidia. Kule kwao si bwana anayeleta mahari, ni binti anayeenda kwa ndoa na mali ya wazazi. Basi Theresia alitoa sehemu ya mali ile yenye aliwekewa, ili kaka yake amalize masomo. Mendel hakusahau. Baadaye alisaidia watoto watatu wa dada huyu kusoma, na wawili kati yao wakawa waganga.

Mwaka 1843 aliingia katika monasteri ya mapadiri wa Augustino katika muji wa Brno, ndipo alipopewa jina Gregor. Ni kweli, hakuwa wa kanisa letu. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba hali ya umaskini ilimusukuma kuchagua njia hiyo. Alipakwa mafuta ya upadiri mwaka 1847, lakini alipotembelea wagonjwa, mateso yao yalimuingia sana rohoni hata yeye pia akagonjwa. Wakubwa wake waliona heri aende kufundisha.

Sasa tusikilize vizuri, sisi wenye kuogopa mutihani. Mwaka 1850 Mendel alifanya mutihani wa kupata diploma ya ualimu, akaanguka. Wakamutuma kusoma katika Chuo Kikubwa cha Vienna, tangu 1851 mpaka 1853. Kule alisoma fizika, hesabu na habari ya mimea. Mwaka 1856 akajaribu mutihani tena, akagonjwa, hakupita. Diploma ile hakuipata hata siku moja. Alifundisha miaka 14 kama mwalimu wa kusaidia tu.

Lakini mwaka ule ule wa 1856 alianza kazi yake kubwa. Katika bustani ya monasteri, yenye urefu wa metre 35 na upana wa metre 7, alipanda njegere, zile tunazoita petipwa. Kwanza alichunguza mbegu zake miaka miwili, apate kujua kama kila aina inazaa aina yake bila kubadilika. Kisha alifungua ua kabla halijakomaa, akatoa viungo vya kiume, akaleta unga wa ua la aina ingine kwa burashi, akafunika ua kwa kifuko ili mududu asilete unga mwingine. Alifanya hivyo miaka nane, mpaka 1863, na mimea ilipita 27.000.

Aliona nini? Aliunganisha njegere za mbegu ya manjano na njegere za mbegu ya kijani. Uzao wa kwanza: zote manjano. Mutu angesema kijani imekufa. Lakini alipoacha mimea ile izae yenyewe, katika uzao wa pili alihesabu mbegu 6.022 za manjano na 2.001 za kijani. Kumbe kijani haikupotea, ilijificha tu! Na hesabu ilikuwa karibu tatu kwa moja. Alijaribu sifa saba, hesabu ikarudi ile ile.

Wengi wakati ule waliwaza kwamba urizi wa baba na wa mama unachanganyika kama maji na maziwa. Mendel alionyesha kwamba hapana. Kila mumea unabeba vitu viwili kwa kila sifa, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na katika kuzaa unatoa kimoja tu. Vitu hivyo leo tunaviita jeni.

Mwaka 1865 alisoma kazi yake mbele ya chama cha wenye elimu cha Brno, mara mbili, na mwaka 1866 ikachapwa. Hakuna aliyeona ukubwa wake. Alimuandikia mwalimu mashuhuri Carl Nägeli wa München, naye hakufahamu maana yake. Mwaka 1868 Mendel alichaguliwa kuwa mukubwa wa monasteri, kisha akaingia katika mabishano marefu na serikali juu ya kodi. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto.

Mwaka 1900, miaka 16 kisha kufa kwake, wenye elimu watatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, walifikia matokeo kama yake. Walipotafuta katika vitabu vya zamani, wakakuta padiri mumoja alikwisha kuyaandika.

Wandugu, kazi ile haihusu petipwa tu. Hapa kwetu kuna watoto wenye ugonjwa wa damu, ule tunaita SS. Baba ni muzima, mama ni muzima, mutoto anazaliwa mugonjwa. Mara moja watu wanaanza kusema ni uchawi, ao wanamusingizia mama, ao wanamufukuza. Lakini ni ile ile ya kijani iliyojificha. Baba ni AS, mama ni AS, kila mumoja alibeba S bila kujua. Kwa kila mimba, bahati ya kuzaa mutoto SS ni moja kwa ine. Na mutoto mugonjwa wa kwanza hazuii wa pili kuwa mugonjwa pia. Mama hana kosa kupita baba, na baba hana kosa kupita mama. Heri vijana wapimishe damu mbele ya kuoana, kuliko kutafuta muchawi kisha mutoto kuzaliwa.

Basi, tukichora tena vile vijumba vine, tukumbuke yule mwalimu asiye na diploma, aliyeinama miaka nane kuhesabu mbegu, na dada yake aliyetoa mali yake apate kusoma. Na kwa wenzangu wa darasa la sita: tusome vizuri, na yule atakayeanguka asitupe kaye zake.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita