Daktari Aliyepima Joto la Nchi

Mwalimu wetu wa fizikia alitueleza jinsi madaktari wa hospitali kubwa za ng'ambo wanavyotibu baadhi ya kansa kwa joto. Uvimbe hupashwa kwa mawimbi ya redio hata upite nyuzi 40, na ndani yake hutiwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga na kuleta habari za joto lililoko. Waya wa madini haufai, kwani wenyewe hupata moto kwa mawimbi yale na kusema uwongo. Nikatafuta habari zaidi za joto na kansa, nikamkuta mtu aliyetazama joto, si la mgonjwa, bali la nchi. Ndiye Daktari Denis Burkitt.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Alipokuwa na miaka 11 jiwe lilivunja miwani yake katika ugomvi wa watoto wa shule, na jicho la kulia likapotea. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akauacha akashika udaktari. Alipoomba kazi ya serikali Afrika Magharibi alikataliwa kwa ajili ya jicho lile. Wakati wa vita akaletwa Kenya na jeshi. Mwaka 1946 akapelekwa Lira, Uganda, na 1948 akahamia Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya pande zote nne. Burkitt hakuelewa. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto wa kike mwenye uso kama ule ule. Akatoka mbio, akampima, akakuta na tumboni mna uvimbe. Daktari mwingine pengine angesikitika tu, akaendelea na kazi yake. Yeye alirudi akafunua daftari za hospitali, hata akatambua kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni ugonjwa mmoja. Akaandika habari hizo mwaka 1958.

Kisha akatuma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na majibu akayatia katika ramani. Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaondoka kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa majuma kumi walikwenda maili 10,000, wakiuliza hospitali hata hospitali. Safari nzima iligharimu pauni 678.

Waliona kwamba karibu na ikweta ugonjwa haupandi juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Alexander Haddow wa Entebbe akamfahamisha kwamba sababu si mwinuko, ni joto: mahali panaposhuka chini ya nyuzi 16 hivi hapana ugonjwa. Ndiyo maana uliadimika katika milima ya Rwanda na Burundi. Lakini sisi wa Rumonge, penye michikichi na ndagala, tuko mita 770 na kitu tu. Anayepanda kwenda Bururi huuvuka mpaka ule njiani.

Joto lenyewe halileti kansa. Joto hulea mbu, mbu huleta malaria, na malaria hudhoofisha kinga ya mtoto. Kirusi kinachoshirikiana nayo kiligunduliwa 1964 na Epstein, Achong na Barr. Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt mjini London mwaka 1961.

Mtaani kwetu mtoto wa mvuvi alivimba taya. Sisi majirani tulisema ni jino. Akachomwa shavuni kwa chuma cha moto, wiki zikapita, na siku nilipombeba mgongoni kwenda kupanda gari la hospitali jicho lilikuwa limeanza kutoka. Hakurudi. Nimesoma sasa kwamba uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kwamba yeye, ingawa alikuwa mpasuaji, aliweka kisu kando akautibu kwa dawa. Watoto wengine walipona kabisa, hata kwa dozi chache.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza, akashughulika na jambo jingine: nyuzinyuzi za chakula, kama zile za maharage na nafaka isiyokobolewa. (Kiswahili kina mzaha wake: nyuzi za kioo, nyuzi za joto, nyuzi za chakula.) Kwa habari hiyo ya chakula alisifiwa Ulaya na Marekani kuliko kwa watoto wa Mulago, jambo ambalo mimi naona si haki. Alifariki Gloucester tarehe 23 Machi 1993, mwenye miaka 82.