Milstein: Mwasisi wa kingamwili zinazotambua maradhi

MWANAMKE anaponunua kipimo cha ujauzito katika duka la dawa karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 46, Nairobi, huenda asijue kwamba mstari anaousubiri una asili yake katika kazi ya mwana wa mhamiaji maskini wa Argentina.

César Milstein alizaliwa Oktoba 8, 1927, mjini Bahía Blanca. Babake alikuwa mhamiaji Myahudi na mamake mwalimu. Licha ya mapato yao madogo, wazazi hao walijinyima mengi ili wana wao watatu wafike chuo kikuu.

Katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires, utafiti wake wa uzamifu ulihusu kimeng'enya, mojawapo ya protini zinazoharakisha shughuli za kikemikali mwilini. Baadaye alijiendeleza Cambridge, Uingereza.

Mnamo 1961 alirejea nyumbani kuongoza idara mpya katika taasisi ya kitaifa ya utafiti wa viini. Hakudumu. Wanajeshi walitwaa mamlaka 1962, na mkurugenzi wa taasisi hiyo pamoja na watafiti kadhaa wakatimuliwa. Milstein alijiuzulu, akarudi Cambridge 1963. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mvunja nchi ni mwananchi.

Mnamo 1975, yeye na Mjerumani Georges Köhler waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana. Walipata seli zinazotoa kingamwili za aina moja tu bila kikomo. Kila aina hunasa kitu kimoja mahususi, mithili ya ufunguo na kufuli yake.

Milstein aliwaarifu wakuu kuhusu ugunduzi huo, lakini shirika la serikali ya Uingereza lililoshughulikia uvumbuzi halikuona manufaa yake ya haraka. Hataza haikuchukuliwa. Yeye naye aliwagawia seli hizo wanasayansi wenzake waliozihitaji, na mbinu hiyo ikaenea upesi.

Kufikia 1980, watafiti wa maabara ya kimataifa ya maradhi ya mifugo iliyokuwa Kabete, kilomita chache kutoka Kawangware, walikuwa wakizitumia kutofautisha vimelea vya ndigana kali, ugonjwa unaoangamiza ng'ombe Afrika Mashariki.

Mnamo 1984, Milstein, Köhler na Niels Jerne walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Milstein aliaga dunia Machi 24, 2002, mjini Cambridge, akiwa na umri wa miaka 74. Leo, baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria hutumia kingamwili za aina hiyo kunasa kimeng'enya cha vimelea katika tone la damu. Hivyo, muuguzi aliye mbali na maabara hupata jibu kwa dakika chache, naye mtoto mwenye homa huanzishiwa dawa siku iyo hiyo.