Robert Louis Stevenson: Ramani ilipotea, hadithi ikabaki

WENGI waliosoma katika shule za mwambao wanamkumbuka Jim Hawkins, kijana aliyepanda merikebu iitwayo Hispaniola kwenda kutafuta mali iliyofukiwa na maharamia. Kitabu hicho, Kisiwa chenye Hazina, kilifasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929.

Mtunzi wake, Robert Louis Stevenson, alizaliwa Edinburgh, Scotland, Novemba 13, 1850. Baba na babu yake walikuwa wahandisi wa minara ya taa za kuongoza vyombo baharini. Alitarajiwa kuirithi kazi hiyo, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu na moyo wake ulikuwa kwenye kuandika. Alisomea sheria, ila kalamu ndiyo iliyompa riziki.

Mwaka 1881, mvua ilipowafungia ndani kijijini Braemar, alichora ramani ya kisiwa cha kubuni ili kumfurahisha mwanawe wa kambo, Lloyd Osbourne. Akakipa ghuba, vilima na majina. Ramani hiyo ikazaa hadithi ya mabaharia wa karne ya 18, iliyochapishwa kidogo kidogo katika gazeti la vijana, Young Folks, kisha ikawa kitabu mwaka 1883.

Ilipopelekwa kwa wachapishaji, ramani ikapotea. Stevenson alilazimika kukipitia kitabu chake upya, akikusanya kila mahali palipotajwa, ndipo akachora nyingine.

Mwaka 1888 alisafiri na jamaa zake Bahari ya Pasifiki kutafuta afya. Akaweka makazi Samoa, ambako wenyeji walimwita Tusitala, yaani msimulizi. Hakurudi tena Scotland, lakini aliendelea kuisimulia vitabuni. Alifariki Desemba 3, 1894, akiwa na umri wa miaka 44, akazikwa juu ya mlima Vaea.

Kwa wanaorejea Fuma, Chovai, Chula na visiwa vingine vya Wabajuni, maisha yake yana funzo. Wengi waliozaliwa ukimbizini baada ya vita vya 1991 hawajui mlango upi wapitika maji yakitoka, wala mwamba upi hufichika yakijaa. Wazee wanaojua na wawasimulie, vijana waandike na kuchora. Karatasi ikipotea, hadithi itaichora upya.