Melvil Dewey: Aliyevipa vitabu namba na kuahidi kuwa hazitabadilika

KATIKA maktaba nyingi za umma, za Tanzania na Kenya zikiwemo, kila kitabu kina namba ndogo iliyobandikwa mgongoni. Kamusi ya Kiswahili huwekwa kwenye 496.392, wakati tenzi na riwaya za lugha hiyo hiyo hukaa rafu za mbali, kwenye 896.392.

Mpangilio huo uliasisiwa na Mmarekani Melvil Dewey, ambaye alianza kuubuni mwaka 1873 akiwa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 21. Leo unatumika katika nchi zaidi ya 130.

Dewey alizaliwa Desemba 10, 1851, katika kijiji cha Adams Center, jimbo la New York, akiwa kitinda mimba wa fundi viatu aliyekuwa pia na duka. Wazazi wake walimwita Melville Louis Kossuth Dewey. Alipokua aliona jina hilo linapoteza wino bure, akayatupa mawili ya katikati, akaondoa herufi zisizotamkwa katika la kwanza, na kwa muda akaandika hata jina la ukoo kama Dui.

Ubahili wake wa muda una kisa chake. Mwaka 1868 shule yake iliwaka moto, naye akiwa miongoni mwa waliookoa vitabu alivuta moshi mwingi na kuugua kifua, hata ikadhaniwa kwamba hangeishi muda mrefu. Tangu hapo aliishi kama mtu anayefukuzwa na saa. Alipigania vipimo vya metriki, hati mkato na tahajia fupi ya Kiingereza, na aliipenda mno namba kumi, ambayo ndiyo tarehe aliyozaliwa.

Akiwa Chuo cha Amherst aliajiriwa kama msaidizi katika maktaba, na huko alikuta utaratibu uliomkera. Maktaba za wakati ule zilikipa kitabu namba ya kabati na rafu kilipowekwa. Kabati lilipojaa na vitabu kuhamishwa, kazi ya kuviandika upya, kimoja baada ya kingine, ilianza tena.

Jibu la Dewey lilikuwa kuipa namba mada ya kitabu badala ya mahali kilipo. Aligawa maarifa yote katika madaraja kumi, kila daraja katika mafungu kumi, na kila fungu katika sehemu kumi. Baada ya hapo inawekwa nukta, na mada mpya inaweza kupachikwa katikati ya mbili za zamani pasipo kuzigusa. Mpangilio wa madaraja hayo ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya William Torrey Harris wa St. Louis. Ubunifu wa Dewey ulikuwa katika namba za desimali na faharasa iliyokwenda nazo.

Mfumo huo ulichapishwa mwaka 1876 katika kijitabu cha kurasa 44, nakala 1,000, bila jina la mtunzi kwenye ukurasa wa mbele. Mwaka huo huo Dewey alishiriki kuunda Chama cha Wakutubi cha Marekani mjini Philadelphia, akawa mhariri wa jarida la taaluma hiyo, na baadaye akaanzisha kampuni ya kuuza samani na kadi za katalogi.

Kadi hizo hazisemwi sana, ingawa pengine zilikuwa na uzito sawa na namba zenyewe. Zilipokuwa za kipimo kimoja, sentimita 7.5 kwa 12.5, kadi iliyochapwa mji mmoja iliweza kuingia kwenye droo ya mji mwingine. Kuanzia mwaka 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuza kadi zake zilizochapwa tayari kwa maktaba nyingine, na taarifa za kitabu zikaanza kuandikwa mara moja na kutumiwa na wengi.

Toleo la pili la mfumo wake lilitoka mwaka 1885 likiwa na mabadiliko mengi. Dewey alijua kuwa kila namba inayohamishwa ni gharama kwa maktaba iliyokwisha kuiandika kwenye vitabu na kadi zake. Kwa hiyo alitoa ahadi ambayo ndiyo iliyoupa mfumo wake ushindi: namba zitaongezwa, lakini zilizopo hazitahamishwa.

Wakutubi walifurahi. Hata hivyo, ahadi hiyo iligandisha pia macho ya mwanafunzi wa New England wa miaka ya 1870. Katika daraja la 200, la dini, mafungu kuanzia 220 hadi 280 yalitengwa kwa Biblia na Ukristo, na dini nyingine zote za dunia zikabanwa katika 290, Uislamu ukiwa 297. Katika daraja la lugha, Kiingereza kilipewa 420 na Kifaransa 440, ilhali lugha nyingi za Afrika zilitiwa katika kifungu kimoja, 496. Ndiyo maana Kiswahili kinahitaji tarakimu sita kujitambulisha.

Aliyepambana na hali hiyo waziwazi ni Dorothy Porter, mkutubi mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kuanzia mwaka 1930. Aliona maktaba zinazotumia namba za Dewey zikiviweka vitabu vya watu weusi, hata vya mashairi, katika 325 au 326, yaani ukoloni na utumwa. Hakusubiri marekebisho kutoka kwa wahariri. Alivipanga upya vitabu vya Howard kwa mada zake halisi na kwa waandishi wake.

Kwa wanawake wa kizungu Dewey alikuwa mlango na kikwazo kwa wakati mmoja. Mwaka 1887, akiwa mkutubi wa Chuo cha Columbia, alifungua shule ya kwanza ya ukutubi na kupokea wanafunzi 20, wanawake wakiwa 17, kinyume na matakwa ya bodi ya chuo. Mwaka uliofuata aliondoka kwenda Albany kuongoza maktaba ya jimbo. Wahariri waliouendeleza mfumo wake kwa miongo mingi, May Seymour na kisha Dorcas Fellows, walikuwa wanawake. Lakini mwaka 1906 wanachama wanawake walimlalamikia kwa kuwashika na kuwabusu bila ridhaa, naye akajiondoa katika shughuli za chama alichokiasisi. Tuhuma za namna hiyo zilimfuata hadi uzeeni, na mwaka 1930 alimlipa aliyekuwa mwandishi wake muhtasi ili kesi isifike mahakamani.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kupoteza Albany. Klabu ya mapumziko aliyoianzisha Lake Placid mwaka 1895 iliwafungia milango Wayahudi. Mapema mwaka 1905 viongozi wa Kiyahudi wa New York, akiwemo mwanasheria Louis Marshall, waliitaka bodi ya elimu ya jimbo imwondoe, kwa kuwa mshahara wake ulitoka kwa walipa kodi wote. Bodi ilimkaripia, na mwaka huo huo akatangaza kujiuzulu.

Dewey alifariki Desemba 26, 1931, kwa kiharusi, akiwa Florida. Alikuwa na miaka 80.

Wahariri waliomfuata walirithi ahadi ya mwaka 1885. Toleo la 15, la mwaka 1951, lilijaribu kuupunguza na kuupanga upya mfumo kwa kishindo, na wakutubi wakalikataa, wengi wakabaki na toleo la zamani. Baada ya hapo marekebisho yamekwenda kwa vipande. Mwaka 1985 kompyuta zilipewa namba zake, 004 hadi 006. Shirika la OCLC, linaloumiliki mfumo tangu mwaka 1988, limetoa pia mpangilio mbadala wa daraja la dini, ingawa ni wa hiari.

Wauza vitabu wanafuata njia nyingine. Orodha ya mada ya BISAC, ya Amerika Kaskazini, hupitiwa kila mwaka, misimbo iliyopitwa na wakati ikaondolewa na mchapishaji akatakiwa kuvipa vitabu vyake misimbo mipya. Thema, iliyoanza mwaka 2013, inalenga kutumika duniani kote. Mwaka 2007 maktaba moja ya Gilbert, Arizona, iliachana na namba za Dewey na kupanga rafu zake kwa maneno ya BISAC, kama duka la vitabu. Maktaba hiyo ilikuwa mpya, haikuwa na migongo ya kubandua.

Juni 2019, baraza la Chama cha Wakutubi cha Marekani lilipiga kura kuliondoa jina la Dewey kwenye medali yake ya heshima, kwa sababu ya ubaguzi wake na mwenendo wake kwa wanawake. Mfumo wa namba haukuguswa na kura hiyo, na unaendelea kuitwa kwa jina lake.