Tabibu Aliyesikiliza Vifua

Mwaka 1781, katika mji wa Quimper, jimbo la Bretagne, nchi ya Ufaransa, alizaliwa mtoto aliyeitwa René Laennec. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi alifiwa na mama yake. Baadaye akapelekwa mji wa Nantes kulelewa na ami yake, aliyekuwa tabibu. Kwa ami huyo alionjeshwa elimu ya utabibu, na mwaka 1801 akaenda Paris kuitafuta zaidi. Mwili wake ulikuwa dhaifu, lakini bidii yake haikuwa na mfano. Tena alipenda kupiga filimbi, hata sikio lake likazoea kupambanua sauti.

Zama zile kifua kikuu kiliua watu wengi sana katika Ulaya, matajiri kwa maskini. Matabibu hawakuwa na njia nzuri ya kujua yaliyomo ndani ya kifua cha mtu aliye hai. Walimgonga kwa vidole, au walimlazia sikio kifuani, yaliyobaki waliyakisia. Kisha wengi walimtoa mgonjwa damu, wakamzidishia udhaifu.

Mwaka 1816 Laennec alikuwa tabibu katika hospitali ya Necker, Paris. Alijiwa na msichana aliyeonekana kuwa na maradhi ya moyo. Kumgonga hakukufaa kitu, maana alikuwa mnene. Na kumlazia sikio kifuani hakukuwa adabu. Ndipo alipokumbuka kwamba mtu akitega sikio kwenye ncha moja ya gogo, husikia hata mkwaruzo wa pini kwenye ncha ya pili. Basi alitwaa karatasi, akazikunja zikawa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani pa mgonjwa na nyingine sikioni mwake. Akastaajabu, kwa kuwa moyo ulisikika wazi kuliko alivyopata kuusikia. Baadaye alichonga kwa mikono yake bomba la mti lenye tundu katikati, urefu wake kama sentimita 30. Chombo hicho akakiita stethoskopu.

Huenda mkadhani, wanafunzi, kwamba kazi iliishia hapo. La, hapo ndipo ilipoanza. Maana sauti haimfai tabibu mpaka ajue inatokana na nini. Kwa muda wa miaka kama mitatu Laennec alisikiliza wagonjwa wake na kuandika kila alilolisikia. Mgonjwa akifariki, maiti yake ilipasuliwa, naye akalinganisha maandiko yake na hali ya mapafu aliyoyaona kwa macho. Hivyo akajua sauti ya kichomi, ya kifua kikuu, na ya maji yaliyojaa kifuani. Mwaka 1819 akatoa kitabu kuyaeleza hayo yote. Matabibu wengine walimbeza, wengine wakaja kutoka nchi za mbali kujifunza kwake.

Katika habari ya dawa pia hakutaka kujidanganya. Aliona makovu katika mapafu ya maiti kadhaa, akatambua kwamba kifua kikuu huweza kupona. Lakini hakujisifu kuwa utabibu ndio uliowaponya watu hao.

Mwaka 1826, alipokuwa amekwisha kukitengeneza kitabu chake upya, alishikwa na homa na kikohozi. Akamwomba Mériadec, jamaa yake, aliyekuwa tabibu pia, amsikilize kifua. Sauti zilizosikika zilikuwa zile zile alizozieleza mwenyewe: kifua kikuu. Akarudi kwao Bretagne, akafa tarehe 13 Agosti, mwenye umri wa miaka 45. Katika wasia wake alimwachia Mériadec stethoskopu yake.

Kijidudu cha ugonjwa huo kilivumbuliwa na Robert Koch mwaka 1882, na dawa za kukiua zilipatikana miaka ya 1940. Laennec hakuiona siku hiyo. Lakini alikuwa amewafundisha matabibu kusikiliza kwanza, kisha kuhakikisha walilolisikia, ndipo waseme.